Shingo ya Mkavu

Suti ya kuzamia isiyopitisha maji ilibuniwa kwa ajili ya watu wa bahari za barafu, ambao wakilowa hufa. Mzamiaji wetu huivaa kwenye bwawa la majitaka la mji wenye joto, ambako maji ni vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani, na mtu akilowa hafi; hutamani tu. Kazini wanamwita Mkavu. Amefungua malango ya bwawa yaliyozibwa na matambara, viatu na, safari moja, kochi, na hakuna tone lililowahi kumgusa. Hulitaja jambo hilo kama wengine wanavyotaja shahada zao.

Siri yake ni mipira mitatu myembamba inayobana ngozi ili maji yasipenye kwenye suti: mmoja wa shingo, miwili ya mikono. Joto huifanya inate kama gundi, jua huipasua, na mafuta ya aina yoyote huila kama mchwa wanavyokula mlango: kwa nje mzima, ndani hadithi. Kwa hiyo akitoka majini huiosha mipira kabla hajajiosha mwenyewe, huianika kivulini, kisha huipaka poda isiyo na manukato, taratibu, kwa ncha za vidole. Mkewe alimtazama siku moja akiifanya kazi hiyo, akasema, “Afadhali ningezaliwa mpira.”

Na kwa kuwa shingo yenye mafuta ni adui wa mpira, siku ya kazi na siku inayoitangulia Mkavu hajipaki chochote. Shingo yake hupauka kama ukuta uliopigwa chokaa na fundi mwenye haraka.

“Watu watasema uliokotwa,” mkewe humwambia.

“Waambie niliokotwa nikiwa mkavu.”

Wiki hiyo mpira wa shingo ulichanika, akabandika mpya, na huo mpya ukambana koo hadi akawa anaongea kama bata. Tiba yake wazamiaji wote wanaijua: unauvalisha kwenye kitu kipana kidogo kuliko shingo, unauacha ujifunze kutanuka. Nyumbani kitu chenye upana huo kilikuwa sufuria ya maziwa. Akaivalisha, akaikalisha suti nzima kwenye kiti cha jikoni, mikono magotini, mbali na jiko, akaenda kuoga. Asubuhi ilimngoja kazi ya kutoa godoro lililoziba lango.

Ndipo mama mkwe alipofika, bila taarifa, kama mama wakwe wote wenye afya njema. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akamkuta mtu mwekundu, mpana, mwenye kichwa cha sufuria.

“Hamjambo humu?”

Kimya. Akarudia. Kimya. Akahitimisha kuwa ni jamaa wa upande wa mkwewe.

Alipomsogelea alitambua kwamba jamaa ni nguo, lakini shingo yake ndiyo iliyomtia huruma. Kwa ile poda, mpira ulikuwa umepauka kupita hata shingo ya mkwewe, na mama huyu ana imani moja maishani: kila kilichopauka kinadai mafuta. Ameshatibu kwa mafuta mikoba, magoti ya wajukuu na, kwa maelezo ya binti yake, ndoa mbili. Akatoa chupa mkobani, akamimina kiganjani.

Mkavu akatokea na taulo kiunoni.

“Mama, acha! Usiguse!”

Kumfokea mama mkwe ni jambo zito. Kumfokea ukiwa na taulo ni jambo ambalo bado halijapewa jina.

“Unanifokea mimi, baba?”

“Nisamehe, mama. Mafuta yataula huo mpira.”

“Yaule? Kwani yana meno?”

“Ukioza, kesho maji yataniingia.”

“Yakikuingia utajianika. Mbona nguo huanikwa?”

Ukweni walikuwa wameambiwa tu kwamba anafanya kazi ya maji, na hakuna aliyeuliza maji gani.

“Ni maji ya vyooni, mama. Ya mji mzima.”

Kiganja kikasimama hewani. Tone likaning’inia kwenye kidole, juu kabisa ya mpira, likafikiri.

“Mji mzima?”

“Hata mtaa wenu.”

“Mtaa wetu una watu wengi,” mama mkwe akasema, akaurudisha mkono kifuani. Lakini mkono wenye mafuta haurudi bure. Macho yake yakapanda hadi kwenye shingo ya mkwewe. “Basi inama.”

“Na hapa pia siwezi, mama. Mpaka nitoke majini.”

“Mpaka utoke?”

“Nikitoka tu.”

Mama mkwe akazipaka bawaba za mlango, akalala akiwa na ahadi.

Asubuhi mpira ulikaa shingoni bila kubana wala kulegea. Mkavu alizama, akalisukuma godoro, akaibuka nalo. Ukingoni alisimama fundi wa pampu, mwanamke asiyesamehe jambo la kuchekesha, akiwa na bomba la maji safi. Pembeni yake alisimama mama mkwe, leso puani, mkoba kwapani.

“Umelowa?”

“Jasho langu tu, mama.”

Alisubiri. Mkavu akamwagiwa maji, akavua, akaosha mipira, akaikausha, akaipaka poda, akaitundika suti kivulini.

“Mpira umeoga, umepakwa, umepumzishwa,” mama mkwe akasema. “Haya, na wewe kaoge, uje ukae hapa.”

Aliporudi, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mbele ya wafanyakazi wote, akapakwa kuanzia masikioni hadi mabegani mpaka akang’aa kama sahani. Fundi wa pampu alitazama hadi mwisho bila kutabasamu. Kisha akakunja mikono ya ovaroli yake.

“Mama,” akasema, “na hivi viwiko vyangu utaviacha hivihivi?”