Samaki wa Kuba Aliponing'ang'ania Kidole

Jamani, aibu hii nimeikalia miaka mingi, na leo naitoa mwenyewe kwa sababu mke wangu kashawasimulia nusu yake (ile nusu inayonidhalilisha zaidi).

Miaka ya sabini hiyo, nafanya kazi kiwanda cha magari kule Longbridge kwa Waingereza, na foromani wetu Ron, mtu mpole kabisa, alikuwa na wazimu mmoja tu, kufuga samaki. Siku moja wakati wa chai akaniambia kapata jozi kutoka mito ya Kuba, wana madoadoa meusi na meupe kama kanga wa porini. "Saidi, wewe si mtu wa kisiwani? Hawa unawajua?" Na mie, badala ya kusema Unguja na Kuba ni mbali kama mbingu na ardhi, na kwamba mto wetu wa Mwera mtu anauvuka bila kukunja suruali, nikajibu, "Aa, hao! Nimekua nao!"

Neno hilo tu, bwana. Jumamosi iliyofuata nimesimama na suti ya kuazima kwenye maonyesho ya samaki, ukumbi wa kanisa Selly Oak, watu wamejaa pomoni, Ron ananitangaza kuwa mtaalamu kutoka visiwani, na mie kwa kiherehere changu nimemwalika Zuhura, mwanafunzi wa unesi kutoka Mombasa niliyekuwa nikimtaka, aje aone nilivyo mtu wa maana.

"Tuonyeshe yupi dume, yupi jike," akasema Ron.

Nikatazama. Samaki wakanitazama. Nikaona nijifanye nawapapasa, nikatia mkono ndani ya tangi (sikujua kwamba pale juu ya jiwe kuna mayai), na mmoja wao, wallahi, akanidaka kidole akaning'ang'ania! Nikapiga yowe la "Mama yangu!", Kiingereza chote kimenitoka, nikauvuta mkono na samaki akaja nao, akaachia hewani, akatua chubwi! ndani ya bakuli la kastadi, ule uji mtamu wa manjano, kwenye meza ya chai. Nikamrukia, akanitoka, kastadi ikaruka hadi kwenye miwani ya kasisi, Ron analia, "Jamani msimkanyage!", na mie nimepiga magoti sakafuni nakimbizana na samaki wa manjano.

Ni Zuhura aliyevua mtandio wake, akauchovya kwenye maji, akamzoa samaki taratibu na kumrudisha tangini. Naye samaki, kama aliyetoka sokoni, moja kwa moja hadi kwenye mayai yake.

Zuhura akamgeukia Ron, akasema kwa adabu zote, "Nadhani huyo ndiye jike."

Walicheka mpaka kasisi akakalia keki.

Kwenye basi la ghorofa, tumekaa juu, kidole kimefungwa leso, Zuhura akaniuliza, "Saidi, kwani huko kwenu muna mito?"

"Hakuna wa maana," nikasema, na akacheka tena mpaka kondakta akapanda juu kututazama.

Mayai yalianguliwa salama, Ron akanisamehe, Zuhura akakubali posa yangu. Lakini nimeapa, na nanyi nawausia: mama aliyelalia mayai, awe wa Kuba awe wa Unguja, msimpelekee mkono.