Mume wangu amenishukuru kwa chakula, molekuli ni yangu

Admin, jina langu lifiche, maana mji wetu wa Kamina ni mdogo na watu wa kanisa letu wanasoma huu ukurasa. Nina miaka thelathini na sita, ni mwalimu wa kemia kwenye lycée, yaani sekondari, na mume wangu sasa namchukia.

Tulisoma kemia pamoja. Nafasi ya kusomea doctorat, shahada ya uzamivu, ilipopatikana chuo kikuu cha Lubumbashi, familia ikasema aende yeye, mimi nibaki na nyumba. Nikakubali. Kazi yake ilikuwa metali inayoitwa europium. Ikifungwa ndani ya molekuli inayofaa, ukiimulika kwa taa ya UV inatoa mwanga mwekundu. Lakini maji yakiigusa, yanaumeza ule mwanga. Alihangaika nayo miaka miwili. Mimi huku nikachora kwenye cahier, daftari langu la kazi, molekuli yenye mikono minane ya kuikumbatia ile metali, maji yasiifikie. Nilifuta, nikachora upya, muhula baada ya muhula. Akabeba michoro yangu, akaitengeneza ile molekuli kwenye labo ya chuo. Siku ilipowaka ndani ya maji alinipigia simu analia: "Mama, iko inawaka! Kazi yako iko inawaka!"

Mwezi uliopita alinipa thèse yake, tasnifu ya doctorat, nisahihishe Kifaransa chake. Michoro yangu imejaa humo, jina langu hakuna. Mwishoni tu, kwenye shukrani: "kwa mke wangu mpendwa, kwa chakula na maombi."

Nilipomuuliza akacheka. "Bwana na bibi njo muntu moja. Unataka jury, wale maprofesa wa kunipima, iseme mwalimu wa lycée njo alinifanyia kazi?"

Nikaenda kwa baba mkwe. Hata hakuniangalia: "Weye unataka kumupatisha bwana yako haya mbele ya bantu?"

Tangu hapo namwekea sahani mezani na kuondoka. Kumwombea nimeacha.

Jumapili akarudi kutoka Lubumbashi uso umemshuka. Akaniambia kwenye maji safi ya labo molekuli inawaka vizuri, kwenye maji ya kisima inazimika baada ya saa moja, na mmoja wa jury amesema atamuuliza sababu siku ya kutetea thèse. "Nisaidie, mama. Weye njo unajua."

Najua. Mikono minane imeacha upenyo, na vitu vilivyoyeyuka kwenye maji ya kisima vinapenya hapo. Unahitajika mkono wa tisa, na nimeshauchora. Nikamtazama usoni nikamwambia: "Miye? Miye ni muntu ya chakula."

Atatetea thèse baada ya wiki mbili. Mama yake ameshanishonea pagne, kitenge cha sare ya familia, nikae mstari wa mbele nipige makofi. Naweza kukaa kimya nimwone akikosa jibu mbele ya watu wote. Au nisimame na cahier yangu, nijibu lile swali mimi mwenyewe, na najua siku hiyo ndoa imekwisha.

Ninyi mnaonisoma, nishike njia ipi? Ila wa kuniambia nimsamehe asijisumbue kuandika.