Nikipanda Gari la Milango Minne, Nimeachika

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, na mtaa wangu usiutaje, maana Bagamoyo watu wanajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka ishirini na saba, mama wa watoto wawili, na mimba yangu ni ya miezi minane. Wasomaji, nawaandikia huku nalia.

Mume wangu alirithi motokaa ya baba yake, kubwa, nyeusi, ya milango minne. Mbio haikuwa nazo, lakini ilitubeba sote: mama mkwe, wifi zangu, mihogo ya Fukayosi, kuku miguuni, na mwanangu mdogo kalala kiti cha nyuma kama yuko kitandani. Kwenye mchanga ilikwenda polepole, na ilifika. Ila wenzake barazani walimtania kuwa anaendesha jeneza. Jirani yetu Bohora, mwenye duka la vitambaa, mwanawe alikuwa na kigari cha viti viwili, hakina paa, chepesi hata vijana wanne wanakinyanyua. Mzee aliogopa mwanawe atavunjika shingo. Basi yeye na mume wangu wakabadilishana, gari kwa gari, mimi niko jikoni.

Sikatai, kigari kinakimbia. Siku ya kwanza alinitembeza nacho njia ya Dar, buibui likipepea, nikacheka kama msichana. Kisha nikamwuliza watoto watakaa wapi. Akasema, "Watoto wana miguu."

Sasa daktari amesema mtoto amekingama tumboni. Lazima nikapasuliwe Dar kabla uchungu haujaanza, na nisafiri nimelala. Mabasi na malori amenikataza kabisa, na hospitali yetu haina gari. Tulijaribu kigari. Magoti yaligusa tumbo, mkunga hakuwa na pa kukaa, na kila shimo lilinirusha kwa sababu gari lenyewe halina uzito. Hatujatoka mjini vizuri, likakwama mchangani. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimeshikwa mabega.

Mke wa Bohora akaja kunipa pole. Akasema, "Dada, gari yenu ya zamani ipo. Godoro nimeshaweka nyuma, sema siku tu." Mume wangu alisikia, na rafiki zake wakasikia. Mmoja wao akacheka. Hapo ndipo mume wangu alipoapa mbele yao, "Mke wangu akipanda tena gari lile, ameachika."

Ananipenda, hilo nalijua, lakini hasira zake ziko ulimini. Ameshaniacha mara mbili na kunirejea. Hii itakuwa ya tatu, na baada ya tatu hatuwezi kurudiana mpaka niolewe na mume mwingine kwanza, na huyo naye aniache. Jioni ileile alikwenda kwa shehe analia, akaulizia kama anaweza kufuta kiapo. Shehe akamwambia hakifutiki. Mume wangu akasema basi atalirudisha gari liwe lake. Shehe akamjibu, "Umeapia gari, hukuapia mwenye gari."

Gari jingine la kulala mtu hapa mjini ni la Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa wilaya, naye yuko safari za Mkange, na karani wake hajui atarudi lini.

Leo asubuhi mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda changu, akasema, "Panda, mke wangu. Nitaendesha mwenyewe." Nikipanda, anayeshika usukani si mume wangu tena, nami nitajifunika uso kama niko na mgeni. Na eda yangu itakwisha palepale mtoto atakapotolewa tumboni. Nisipopanda, huenda tukazikwa wawili.

Mwanangu mkubwa ananiuliza mama analia nini, na gari liko mlango wa pili. Enyi mama mliozaa, enyi mashehe mnaosoma ukurasa huu, nishaurini upesi. Nipande, au nimngoje Bwana Shauri?