Jiwe la Mama wa Ayivu

Sisi tuliokuwa watoto Arua katika miaka ya sabini tunapenda kuwaambia vijana kwamba tulijua kukaa kwenye mstari. Shuleni tulipangwa kwa kimo, kisimani kwa kuwahi. Na sukari ilipoadimika, dukani tulipanga vitu. Ulifika alfajiri, ukaweka jiwe, ndara ya tairi au kikapu kibovu mbele ya mlango, kisha ukaenda zako kivulini. Wasichana tuliruka kamba, wanawake walisukana nywele zinazonukia mafuta ya simsim, na ule mstari wa takataka ulibaki peke yake juani. Hakuna aliyegusa kitu cha mwenziwe. Kijana wa leo, anayejipenyeza benki na simu sikioni akisema "nauliza tu", nikimsimulia hayo hucheka: eti mawe yalisimama kwenye laini!

Yalisimama. Ila huwa simsimulii habari yote.

Mwaka mmoja mama alijifungua, na siku ya saba mtoto alikuwa apewe jina. Wageni wangekuja kutoka Koboko. Kwetu sisi Wanubi, kumpa mgeni chai isiyo na sukari siku kama hiyo ilikuwa aibu ya kukumbushwa miaka mingi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mama, akiwa bado kitandani, alinipa kopo tupu la mafuta ya kupikia.

"Usirudi nalo tupu," alisema. "Na usisukumane na watu. Sisi si watu wa kusukumana."

Kopo langu lilikuwa la kumi na mbili. Mbele yake palikuwa na jiwe lililozungushiwa kamba ya mgomba, la mama mmoja aliyetembea kwa miguu kutoka Ayivu. Aliliweka, akaenda sokoni kuuza maharage yake.

Duka lilipofunguliwa tu, gari likasimama. Mke wa ofisa wa jeshi akashuka, akapita moja kwa moja hadi kwa mwenye duka. Haboba Saida, bibi mjane aliyelinda mstari ule kwa ulimi wake tu, akamwita.

"Mama, laini iko nyuma."

"Wewe iko nani?"

"Mimi iko mutu ya nne. Wewe iko ya ngapi?"

Tulicheka tukiwa tumeinamisha vichwa, maana gari la jeshi halikuwa jambo la kuchekwa waziwazi. Yule mwanamke hakugeuka. Aliondoka na nusu gunia, na mwenye duka hakuinua macho. Hapo utulivu ukatutoka. Watu wakasogea, wakabanana, kila mmoja akipima kwa macho kilichobaki. Nami nikapima. Niliona kingewatosha watu kumi na mmoja, pengine. Mwenye jiwe alikuwa hajarudi. Nikalisukuma kwa kidole cha mguu, kidogo kidogo, mpaka likawa nyuma ya kopo langu.

Alirudi akikimbia, kikapu kichwani.

"Jiwe yangu ilikuwa mbele ya hii kopo."

"Ilikuwa nyuma," nikasema.

Haboba Saida alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Mama ya huyu mimi najua. Hii mutoto hapana danganya."

Mama wa Ayivu hakubishana. Alisema tu, "Mutoto yangu iko na homa. Uji bila sukari anatapika," kisha akasimama nyuma yangu. Sukari ya mwisho ilimiminwa kwenye kopo langu, na mwenye duka akakung'uta gunia ili kila mtu aone.

Wageni waliisifu chai. Mama akanisifu mbele yao kwa uvumilivu wangu. Nilisema tumbo linaniuma, nikatoka nje. Sikupata kujua yule mtoto wa Ayivu alipona au la, na sikuwahi kwenda kuuliza.

Sasa benki za Arua zina mashine ya kutoa karatasi zenye namba, na askari mlangoni. Wenzangu wa rika moja husikitika kwamba adabu imekwisha hata mashine ndiyo ituambie nani atangulie, ilhali sisi jiwe lilitutosha. Nami huzikumbuka kwa hamu asubuhi zile, kamba ikipiga vumbi, vitu vyetu vikitungoja. Lakini karatasi ile huishika kwa heshima. Ingekuwapo siku ile, ingemlinda yule mama dhidi yangu.