Baraza ya Kivulini

Oktoba ile mimi na mume wangu tulijenga baraza ya mbao nyuma ya nyumba yetu, London. Yeye akipigilia misumari, mimi nikishika mbao, vidole vimekufa ganzi, tukicheka kama wehu. Kwetu Mombasa mwenye akili zake haweki baraza juani, basi tukachagua pembe yenye kivuli kizito, tukajipongeza.

Tulipomaliza tukakaa na kahawa ya tangawizi, meno yakigongana. Jirani, bibi wa Kiingereza, akachungulia juu ya ua.

"Mbona hamkujenga kule penye jua?"

Tukageuka. Kule, paka wake alikuwa amejinyoosha juani kama sultani.

"Ili tuungue?" nikamjibu kwa ukali, nikalivuta blanketi hadi kidevuni.