Doa la Mkono wa Shati

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha mifugo karibu na Karuba, sikupewa ng'ombe wala sindano. Nilipewa picha. Nilikuwa mkalimani, kijana mwenye Kifaransa cha misheni na kiburi cha kutosha. Mkuu wa kituo, daktari wa mifugo ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye kuomba maji, alinisimamisha mbele ya ukuta wa baraza walipongojea wafugaji.

"Huyu ndiye aliyeanzisha kazi hapa," aliniambia kwa Kifaransa. "Waeleze ni mtu gani, wasituogope."

Ilikuwa tablo ya rangi za mafuta, rangi nzito zinazokauka polepole, hata mchoraji hupata muda wa kurudia kope mojamoja. Mchoraji huyo hakuwa mtu wa kupamba. Alichora alichokiona: mtaalamu amekaa, upara unang'aa, jicho moja dogo kuliko jingine, mikroskopi mezani, vitabu nyuma. Mkono wa kulia wa shati umekunjwa hadi juu ya kiwiko, na kwenye mkunjo pana doa la kijani.

Lile doa lilinitia aibu. Kwa miezi nilieleza mikroskopi, chombo cha kuonyesha vijidudu visivyoonekana kwa macho. Nilieleza vitabu, hata upara niliupa heshima yake. Doa nililiruka. Wafugaji walinisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi milimani na ndama wao bila kuwachanja.

Ndipo chambavu ikaingia, ugonjwa unaovimbisha paja la ndama leo na kesho umemlaza. Papa Rukara, mfugaji wa upande wa Mushaki, alikuwa amezika ndama wawili. Walibaki watatu, wote majike, na bila hao zizi lake lilikuwa limekwisha. Akawaleta, akawafunga nje, akaja kusimama mbele ya tablo. Nikaanza hotuba yangu. Akanikata.

"Na ile kitu ku mukono ya shati, njo nini?"

"Ni kivuli, Papa."

"Kivuli haina majani ndani. Ile ni mavi ya ngombe, mwana wangu. Huyu alikuwa anazalisha ngombe. Ulizia patron wako: ile ndama ilipona?"

Nilikuwa nikipita mbele ya picha ile kila asubuhi, na sikuwahi kujiuliza. Mkuu wa kituo, ambaye zamani alikuwa msaidizi wa yule mtaalamu, aliiangalia nilipomtafsiria swali.

"Ndama alikufa," akasema. "Mama yake akapona. Mchoraji alikuwa anamsubiri bwana huyu, naye akaja akakaa hivyohivyo. Alikataa kubadilisha shati."

Hapo nikaogopa kweli. Kazi yetu ilikuwa kuwafanya watu watuamini, na sasa nimwambie mtu aliyezika ndama wawili kwamba hata bwana wa kwenye picha alifiwa na ndama mikononi mwake. Ningebadili neno moja tu, na hakuna ambaye angejua. Mkalimani hupata nafasi hiyo kila siku. Nikatafsiri kama nilivyosikia.

Papa Rukara aliisogelea tablo hadi nikadhani ataigusa.

"Ndama ilimufia, na akakubali bamuchore na ile shati," akasema. "Muntu wa bongo, wa kudanganya, angeivua. Basi, mulete sindano."

Ndama wote watatu walisalimika, na majirani wakafuata. Tangu siku ile maelezo yangu yalianzia kwenye doa. Hata nilipohamishiwa Walikale, msituni, ambako mifugo ni mbuzi na kuku, niliwasimulia watu habari za shati lile bila picha yoyote. Walicheka sana, wakaleta mbuzi.

Mwishowe nilirudishwa Karuba, nikastaafu nikiwa nimeridhika. Maziwa ninayokunywa hapa Karuba yanatoka kwenye uzao wa ndama wale. Siku ya kuniaga, kituo kilimwita mpiga picha. Nilitoka zizini moja kwa moja, na shati langu la kazi, nikakaa kitini. Mke wangu, Mama Furaha, akaja na shati jeupe lililopigwa pasi.

"Papa Furaha, usinipatishe haya mbele ya bantu."

Nikabadilisha. Picha hiyo iko ukutani kwangu, na wageni wakiitazama huniuliza nilikuwa karani wa wapi.