Sekunde Tatu za Sifa

Mwenye kunicheka anicheke, nimejitakia mwenyewe. Natengeneza programu za kompyuta kwenye ofisi moja hapa Nyamagana. Mwaka jana niliandika programu ya kusajili mizigo ya samaki, na kwa ujanja wangu nikaweka humo mstari unaoiamuru isubiri sekunde kumi bila kufanya chochote. Kila mwezi nilipunguza sekunde moja, kisha nikamwonyesha bosi wetu, Mama Kulwa, kwamba nimeiongezea kasi. Alinisifu mpaka nikawa natembea kifua mbele.

Kasi yenyewe tuliipima kwa programu ya bure ya mtandaoni, ambayo wataalamu wa nchi mbalimbali huiboresha kwa kujitolea. Wiki iliyopita likatoka toleo jipya. Mimi mpenda sifa nikalipakua asubuhi ya kikao cha kila mwezi, bila kusoma maelezo yake hata kidogo.

"Mama, hili toleo jipya halifichi kitu," nikatamba mbele ya ofisi nzima, nikabonyeza.

Kweli halikuficha. La zamani lilitoa jumla ya muda tu. Hili lilionyesha kila mstari unakula muda gani. Wangu ukatokea ukutani, tulikomulika skrini ya kompyuta, kwa rangi nyekundu, pamoja na maneno niliyojiandikia pembeni nisisahau. Mama Kulwa akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama yuko kanisani:

"'Subiri sekunde tatu. Punguza moja kabla ya kikao.'"

Akanigeukia taratibu.

"Sasa baba, ya leo umeshapunguza, au tukusubiri?"